Majani Yaliyokuja Bila Nyandwi

Kinu kikiwa kitupu, Léoncie hakuweza kukaa. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akahamisha ndoo kutoka ukutani hadi mlangoni, akairudisha ukutani, akatoka barabarani kutazama upande wa kusini, akarudi ndani, akatoka tena. Sisi wa avenyu yake pale Bwiza, mjini Bujumbura, tuliijua siku kwa mchi wake. Ulipoanza kugonga asubuhi, tulijua njia ya Kanyosha iko wazi na majani ya muhogo yameteremka. Uliponyamaza, wanawake walisimama milangoni wakiulizana kwa macho.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani. Mafuta ya gari yaliuzwa kwa chupa, sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa, na milimani juu ya mji risasi zililia hata mchana. Mume wa Léoncie, fundi wa magari, alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira kutafuta kazi, na tangu avuke hapakuwa na neno lake. Alimwachia nyumba ya vyumba viwili, binti aitwaye Chanelle aliyekuwa karibu kumaliza sekondari, na wadogo wawili wa Chanelle ambao walikula kama watu wazima.

Léoncie aliishi kwa sombe. Alinunua majani mabichi ya muhogo, akayatwanga, akayafinyanga mabonge na kuyapanga kwenye sinia chini ya jani la mgomba. Wapishi wa Bwiza walikuja kuchukua, kila mmoja na bakuli lake. Kazi hiyo haina akiba. Majani yaliyochumwa leo hutwangwa leo. Yakilala, huwa meusi na kunuka uchachu. Kwa hiyo kila kulipokucha alikuwa mtu asiye na kitu, na kila jioni, Mungu akipenda, alikuwa amelisha nyumba yake. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuomba. Hakuomba mambo makubwa. Aliomba siku ile iliyokuwa mbele yake, akaishia hapo.

"Mi sina ghala," alipenda kusema. "Ghala yangu iko juu."

"Juu wapi, mama?" Chanelle alimjibu. "Juu ya bati? Juu ya bati iko viatu vya zamani tu."

Majani hayo aliletewa na Nyandwi, mwanamke wa mlimani huko Kanyosha, mrefu, mwenye maneno machache, aliyeshuka alfajiri na mzigo kichwani na kuutua mbele ya mlango bila kubisha hodi. Kwa miaka mingi walikuwa wamezoeana namna hiyo, mmoja akileta, mwingine akitwanga. Nyandwi alikunywa maji, akauliza watoto, akaondoka. Katika miaka ile watu wa Bujumbura waliulizana mengi kuhusu wazazi wao na wazazi wa wazazi wao, ili kujua kabila. Wao wawili hawakuwahi kuulizana.

Kisha juma moja milio ya risasi ilisikika upande wa kusini, moshi ukaonekana, na daraja la njia ya Kanyosha likafungwa. Nyandwi hakuja. Kesho yake hakuja. Unga ulipokwisha, Léoncie aliuza kitenge chake cha pili akanunua unga mwingine, na huo nao ukaisha. Alikwenda kwenye maombi ya asubuhi, akaketi na wenzake, lakini hata pale magoti yake hayakutulia, mpaka jirani yake akamshika paja akamnong'oneza, "Mama Chanelle, unatikisa benchi."

Siku iliyofuata mtu aligonga geti. Alikuwa Musafiri, kijana wa mtaani aliyebeba mizigo kwa baisikeli na kujua kila kona ya mji. Nyuma ya baisikeli alikuwa amefunga gunia lililovimba pande zote.

"Mama Chanelle! Fungua, nimeleta baraka."

"Baraka gani saa hii?"

"Fungua kwanza. Unataka nishushe barabarani, watu wapiganie?"

Alifungua. Harufu ya majani mabichi iliingia uani, na Léoncie akajikuta ameshika mdomo.

"Njia si imefungwa?"

"Imefungwa kwa wenye miguu. Kwa wenye baisikeli iko na tundu." Musafiri alicheka peke yake. "Chukua, mama."

"Umezitoa wapi?"

"We unataka majani, ao unataka hadithi?"

"Na malipo?"

"Bakuli moja jioni, na ugali. Unajua mi sina bibi wa kunipikia. Tena weka pilipili, si kama ile ya siku ile, ilikuwa kama chakula ya mugonjwa."

Alipoondoka, Léoncie alilimimina gunia juu ya mkeka. Hapo mikono yake ilisimama. Mkulima huchuma majani ya muhogo juu, kwenye ncha, yale laini, akauacha mti uendelee kuishi. Majani haya yalikuja na matawi yake. Magumu yalichanganyika na laini, na mashina yalikuwa yamekatwa kwa panga, mkato mmoja wa mshazari, mengine bado yakitoka utomvu. Aliokota tawi moja akaligeuzageuza. Aliyelikata hakuwa na haja na mti ule tena.

"Mama," Chanelle alisema nyuma yake, "unangoja nini? Maji yamechemka tangu zamani."

"Nachagua."

"Chagua ukitwanga."

Alilitupa tawi pembeni na kuanza kutwanga. Alitwanga kwa nguvu kuliko siku zote, kiasi kwamba mtoto wa jirani alikuja kuchungulia kama kuna ugomvi. Moyoni alijiambia kwamba aliomba majani na majani yamekuja, na kwamba mwenye njaa hamhoji anayemlisha. Alijiambia mara ya kwanza, akajiambia tena. Jambo lililokwisha halihitaji kuambiwa mara nyingi namna hiyo, na hilo pia alilijua.

Alasiri alifika Jokha, mwenye duka la pembeni. Babu yake alitoka Omani zamani na kufungua duka palepale, na yeye alizaliwa nyuma ya kaunta. Vikwazo vilikuwa vimeziacha rafu zake na viberiti, sabuni za vipande na dengu. Alimpenda Léoncie kwa sababu ya sombe yake na kwa sababu wote wawili walipenda kubishana juu ya Mungu bila kukasirishana.

"Leo kinu kimesema!" Jokha aliingia akicheka. "Nikamwambia mwanangu Haitham, zima hiyo redio, niache nisikie. Nipe mabonge mawili. Nyandwi hajambo?"

"Sikumwona."

"Basi umepata kwa nani?"

"Kwa Mungu, Mama Haitham."

"Riziki yote ya Mungu, hilo hatubishani. Mi nauliza mkono uliobeba."

"Musafiri."

Jokha alikuwa amekwisha kuweka bonge la kwanza kwenye bakuli. Alilitazama kidogo, kisha akalirudisha kwenye sinia, polepole.

"Basi sisi leo tutakula dengu."

"Umekasirika?"

"Wallahi sikukasirika. Sijui yametoka shamba gani, basi. Siku ukijua, uniambie, ntanunua yote."

"Wenye dengu iko na nafasi ya kuuliza," Léoncie alisema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

Jokha alichukua bakuli lake tupu. Alifunga mtandio wake, akasema kwaheri kwa heshima kama mgeni, akaondoka. Heshima hiyo ilimchoma Léoncie kuliko tusi.

Musafiri alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Kila mara matawi yalikuwa yaleyale, na kila mara Léoncie aliyatupa nyuma ya nyumba kabla hajayatazama sana. Watoto walishiba. Wateja walisifu. Yeye mwenyewe alikula akiwa amesimama, akitembea na sahani mkononi kati ya mlango na jiko, na watoto walipomwuliza kwa nini haketi, alisema mgongo unamuuma.

Nadhani ndiyo sababu alisimama kanisani Jumapili ile. Hakuwa mtu wa kusimama. Katika kanisa letu, kabla ya neno, kuna wakati wa ushuhuda. Mwenye jambo alilotendewa na Mungu husimama na kulisema, na Mzee Gélase, anayeongoza sehemu hiyo, hugonga meza kwa kidole mtu akizidisha. Tangu aokoke Léoncie alikuwa amesikiliza ushuhuda wa wengine na kupiga makofi. Siku hiyo alihitaji kusikia watu wengi wakisema amina.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Wote munanijua. Mi ni mutu wa sombe. Njia ilifungwa, nikabaki bila kitu. Nikamwambia Mungu, wewe unajua mulango wangu. Sikwenda sokoni. Sikupanda mulima. Majani yalikuja yenyewe mpaka mulangoni! Yalikuja yenyewe, ndugu zangu!"

Vigelegele vilipanda hadi kwenye bati. Mpiga ngoma hakungoja ishara. Akina mama wa safu ya mbele walisimama wakacheza, na Mzee Gélase, ambaye hucheka mara chache, alicheka. Kwa mara ya kwanza katika juma zima Léoncie alihisi mabega yake yanashuka. Ikiwa watu wote hawa wanasema ni Mungu, basi ni Mungu.

Akageuka kurudi mahali pake, na kwenye benchi la mwisho akamwona Nyandwi.

Alikuwa amekaa miongoni mwa watu waliokimbia milima, ambao kanisa lilikuwa limewapa chumba cha shule ya Jumapili walale. Matope yalikuwa yamemkaukia hadi magotini. Alikuwa amepakata furushi. Watu wa pande zote mbili zake walipiga makofi, yeye hakupiga.

Baada ya ibada Léoncie alimfuata uani, akipita kati ya watu waliotaka kumshika mkono na kumpongeza.

"Nyandwi! Uko muzima!"

"Niko."

"Umefika lini? Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Jana. Nilikuwa nakuja leo. Nikasema kwanza nisali." Nyandwi alilihamisha furushi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Ushuhuda muzuri, Mama Chanelle."

"Nyandwi..."

"Yako yalikuja yenyewe. Yangu yalikwenda yenyewe."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na watu waliopita karibu walidhani wanasalimiana. Kisha, kwa sentensi fupi, alieleza. Wenye silaha walikuja jioni. Walitaka mihogo, walichimba, wakabeba. Nyuma yao, siku baada ya siku, walikuja wengine wenye mapanga na baisikeli, wakikata kilichosimama. Yeye alikuwa amelala chini kwenye migomba na wanawe.

"Watu wa upande gani?" Léoncie aliuliza, na mara akaona aibu ya kuuliza.

"Sikuona sura. Niliona mikono."

"Na watoto?"

"Wako kwa dada yangu, kule Kinindo. Nyumba yake haina nafasi ya mutu mukubwa."

Léoncie alimshika mkono, akamwambia wanakwenda nyumbani. Nyandwi hakukataa wala hakukubali, alimfuata tu. Léoncie alikuwa akitembea haraka, akisimama kumngoja, akitembea haraka tena. Walipofika getini ndipo alipokumbuka kilichokuwa jikoni. Sufuria ilikuwa juu ya mkaa tangu asubuhi, sombe ya majani ya jana yake, imeiva, ikinukia mawese. Hapakuwa na chakula kingine ndani ya nyumba.

Chanelle alitandika mkeka, akaleta ugali, akaleta bakuli. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu iliyotiwa. Zamani ilikuwa adabu tu, kidole kinachovya na kwenda mdomoni, hata hakitazamwi. Katika miaka ile ya vita kila mtu alikitazama. Kulikuwa na nyumba ambazo urafiki wa miaka ulikwisha kwa sababu mtu alisahau kuonja.

Léoncie alimega tonge, akachovya, na mkono ukabakia hewani.

Nyandwi alikuwa akimtazama.

"Onja, mama," alisema. "Niko na njaa. Onja nikule."

Alionja. Akamsogezea mgeni bakuli. Nyandwi naye akanawa, akamega, akala polepole, kama mtu anayesoma. Baada ya matonge machache alitikisa kichwa.

"Hii ni ya kule juu, karibu na mutaro. Iko na uchungu kidogo. Siku zote nilikuambia, yale ya mutaroni uyapike sana."

Chanelle, ambaye hakosi jibu, aliinamisha uso. Aliyetoka machozi alikuwa Léoncie, lakini Nyandwi alimwonyesha ugali kwa kidevu, ale.

"Mi pia niliomba, unajua," Nyandwi alisema alipomaliza. "Pale kwenye migomba. Niliomba shamba ibaki. Wewe uliomba majani. Sasa Mungu alikuwa afanye nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alimtazama Léoncie kwa macho ya mtu anayetaka kujibiwa, kwa sababu Léoncie ndiye aliyekuwa amesimama kanisani na kusema anajua Mungu alifanya nini. Léoncie alianza kukusanya vyombo. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya asubuhi ile, na hakuna hata moja lililoweza kusemwa kwenye mkeka huo.

Usiku huo Nyandwi alilala chumba cha Chanelle. Jumatatu asubuhi geti liligongwa.

"Baraka zimefika!" Musafiri aliimba. Gunia lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Léoncie alitoka nje na kuvuta geti nyuma yake.

"Rudisha."

"Nirudishe wapi?"

"Ulikotoa."

"Mama Chanelle, umelala vibaya?" Alijaribu kuchungulia. "Nani iko ndani? Wageni?"

"Mwenye majani iko ndani."

Musafiri alicheka, kisha akaacha. Alikuna shingo. "Majani haina jina, mama."

"Hizi ziko nalo. Inaitwa Nyandwi."

"Mi sikukata. Nakuapia. Mi nanunua kwa watu, nabeba tu."

"Najua. Mi pia nilitwanga tu."

Hilo lilimkasirisha kuliko kama angemtukana. "Sikia. Ukikataa, napeleka avenyu ya nne. Watatwanga, watu watakula, Bwiza yote itashiba. We peke yako ndo utabaki na njaa. Na mutaa wote umesikia jana, Mungu amekuletea! Sasa unamurudishia? Utamwambia nini, samahani, si saizi yangu?"

Nyuma ya geti Chanelle alisikika. "Mama, wadogo hawajakula."

Léoncie alisimama kati ya sauti hizo mbili. Watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Aliutazama mkono wake. Ulikuwa umeshika gunia kwenye kona, akiwa hakumbuki kulishika. Aliliachia. Akaingia ndani, akafunga komeo, akaegemea geti kwa mgongo mpaka aliposikia mnyororo wa baisikeli ukienda.

Hapakuwa na amani yoyote, kama mtu angeitegemea. Haikupita muda kinu kikaanza kugonga avenyu ya nne, na kikagonga mchana kutwa. Katika nyumba nzima hapakuwa na mahali ambapo hakikusikika. Wadogo wa Chanelle walikaa kwenye kizingiti wakisikiliza. Nyandwi alisikiliza pia, mikono mapajani, akijua mwenyewe alichokuwa akihesabu.

"Umefurahi sasa?" Chanelle alimwuliza mama yake kwa sauti ya chini.

"Apana."

"Basi kwa nini?"

"Sijui kukueleza. Nikichukua leo, kesho ntaomba nini? Ntaomba wenye panga waende kwa nani?"

Juma hilo walitafuta chakula. Nyandwi alimchukua Léoncie hadi kwenye mitaro ya chini, kuelekea ziwani, wakachuma lenga-lenga, mchicha uliojiotea, wakauchemsha na chumvi. Jokha alisikia habari, kwa maana Bwiza hakuna jambo asilolisikia, akaja mwenyewe na bakuli la dengu lililofunikwa.

"Sikuja kusema nilikuambia."

"Umekwisha sema, Mama Haitham."

"Nimesema?" Jokha aliguna. "Basi kula."

Walicheka wote wawili, kidogo, na Léoncie akamwomba radhi kwa lile neno la wenye dengu. Siku nyingine alikwenda Kigobe kufua nguo katika nyumba ya mtu wa serikali, akalipwa kwa unga wa mahindi. Siku iliyofuata alirudishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na jioni hawakula. Aliwalaza watoto mapema na kuwaimbia mpaka mdogo akamwambia anyamaze, nyimbo zinaongeza njaa.

Na sala ikawa ngumu. Alizoea kuisema sala ya Bwana asubuhi akiwasha mkaa, kwa haraka, kama mtu anayefunga kanga. Sasa kila alipofika mahali pa kuomba riziki ya siku hiyo alimwona Nyandwi amelala chini kwenye migomba, akiomba maneno yaleyale, na panga likija. Alianza tena tangu mwanzo, akakwama palepale. Hakuacha kuomba. Alihama mahali: aliomba akisimama, akatoka uani, akaomba akitembea.

Jumamosi alikwenda kwa Mzee Gélase, ambaye alikuwa akitengeneza kiti mbele ya nyumba yake.

"Mzee, nataka kurudisha ushuhuda wangu."

Gélase alitoa misumari mdomoni. "Ushuhuda haurudishwi, mama. Si shati."

"Ulikuwa uongo."

"Ulipata majani?"

"Nilipata."

"Uliomba?"

"Niliomba."

"Uongo uko wapi?"

"Yalikuwa ya mutu. Na mutu yule alikuwa amekaa nyuma yetu, na sisi tunapiga ngoma."

Mzee aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mwema, mwenye kubeba hofu za watu wengi. "Sikiliza, mwanangu. Watu wamechoka. Neno lako limewatia nguvu. Mama mmoja wa kule nyuma ya soko ameacha kutafuta, ameanza kufunga, anasema na yeye Mungu atamletea mlangoni."

"Ndiyo inaniogopesha, mzee. Iko pale anangoja nini? Nani atamletea, na ametoa kwa nani?"

"Ukisimama useme siyo Mungu, utawaangusha."

"Nisiposimama?"

Gélase alirudisha msumari mmoja mdomoni, akautoa tena. "Sitakuita," alisema. "Kesho sitakuita, mama. Samahani."

Hakumwita. Jumapili aliwaita wengine. Kijana aliyepona malaria, na mzee aliyevuka kizuizi salama. Gélase alipokuwa akigeuka kuketi, Léoncie alikuwa amekwisha kusimama. Hakusema Bwana asifiwe.

"Juma iliyopita nilisema majani yalikuja yenyewe," alisema. "Hayakuja yenyewe. Yalikatwa shamba ya ndugu yetu Nyandwi, iko pale, na mi niliona mashina yamekatwa, nikajua, nikatwanga. Nikaja hapa nikamubebesha Mungu ule muzigo. Naomba Mungu anisamehe. Naomba Nyandwi pia, kama ataweza."

Mtu mmoja alisema amina kwa mazoea, kisha akaonekana anatamani asingalisema. Mpiga ngoma alimtazama Mzee Gélase. Kidole cha mzee kilikuwa juu ya meza, lakini hakikugonga.

"Nasikia iko mama anangoja mulangoni kwa ajili ya maneno yangu," Léoncie aliendelea. "Mama, usingoje hivyo. Toka. Omba, lakini toka."

Kutoka safu ya akina mama, sauti nyembamba iliuliza, "Sasa nyinyi mulikula nini juma hii yote?"

Swali kama hilo haliulizwi katika ibada. Léoncie alilijibu kama alivyoulizwa.

"Lenga-lenga za mutaroni, Nyandwi ndiye anajua mahali. Dengu za jirani yangu, Muislamu. Unga wa kufua nguo. Siku moja hatukukula."

"Na hiyo siku moja, Mungu alikuwa wapi?" Sauti ilikuwa ileile. Haikuwa na shari ndani yake.

Léoncie alifikiri. Tulimwona akifikiri, vidole vyake vilikuwa vikizunguka pindo la kanga, vikifungua na kufunga.

"Sijui. Nilimuuliza. Asubuhi nikaamka, nikamuomba tena."

"Na leo?" Sasa alikuwa Mzee Gélase, na aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wako wawili tu mbele ya nyumba yake. "Leo mutakula nini, mama?"

"Leo bado, mzee."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mzee Gélase alikaa, akajifuta uso na kitambaa. Léoncie alitoka kwenye safu yake ya mbele akatembea hadi benchi la mwisho, viatu vyake vikisikika kwenye saruji. Benchi lilikuwa limejaa. Nyandwi hakumgeuzia uso. Alitazama mbele, kule kwenye meza, lakini alilichukua furushi lake lililokuwa kando yake kwenye benchi, akaliweka chini kati ya miguu.